Kwa Nini Kompyuta ya Mlangoni Haitupwi

Ijumaa iliyopita nilirudisha funguo za duka letu la Katoro, nikapewa soda, keki na maneno mazuri kuliko ninayostahili. Katikati ya shamrashamra mmoja wenu akaniuliza kama ile kompyuta kuukuu iliyo karibu na mlango sasa inaweza kutupwa, maadamu naondoka, kwa sababu inachukua nafasi na sura yake inatisha wateja. Nikasema hapana. Akauliza sababu, nikasema nitaandika. Haya, naandika, nimekaa kibarazani kwangu hapa Shinyanga mjini, na miwani niliyokataa kuinunua kwa miaka kumi sasa iko puani.

Habari za vyeo na mishahara sina, na hata ningekuwa nazo zisingewasaidia kufungua kompyuta. Nitaanza na tochi.

Nilikuwa nimemaliza kozi ya uhazili, napiga chapa barua za watu nje ya mahakama. Siku moja taipureta yangu ikagoma herufi ya a, na barua ya Kiswahili bila a ni mtihani. Nikaipeleka kwa Fundi Athumani, mtu wa Kigoma aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio na taipureta karibu na stesheni. Nilisimama pembeni nikimwangalia jinsi anavyoichokonoa kwa brashi ya rangi iliyokatwa nusu. Hakuniuliza jina. Alisema tu, "Binti, shika tochi." Nikashika. Nimeiachia Ijumaa.

Kompyuta zilipoanza kuingia Shinyanga, ofisi moja moja, Fundi Athumani alizipokea kama alivyozipokea redio: alizifungua kwanza, uoga baadaye. Zana zake zilikuwa brashi ileile, ufutio wa shule wa kusugulia meno ya memori, na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Hiyo bisibisi aliitegesha ncha kwenye diski na mpini sikioni, akafumba macho. Diski nzima inavuma kwa utulivu. Diski inayokufa inagonga, tik, tik, kisha inanyamaza, kisha inagonga tena. Leo mnazo programu za kupima afya ya diski na ni nzuri, lakini ile bisibisi ilikaa kwenye mkoba wangu mpaka Ijumaa, na mara mbili imewahi kuzishinda.

Jambo jingine alilonifundisha lilikuwa kusalimia. Mteja wa kwetu hakuambii tatizo kabla salamu hazijaisha, nanyi mnajua salamu za Wasukuma zinavyoweza kwenda mpaka kwa ng'ombe na mvua. Mafundi wengi walikuwa wanakunja uso wakisubiri ziishe. Fundi Athumani hapo ndipo alipokuwa anafanya kazi. "Mwangaluka, mayu. Nyumbani mko wangapi? Na kwenye hiyo mashine anapenda kukaa nani? Umeme wa huko ukoje?" Salamu zilipoisha alikuwa ameshajua nusu ya ugonjwa, na mteja alikuwa hajaanza kulalamika. Aliniambia, "Muulize kila aliyeigusa. Na kama kuna mtu haongei, huyo muulize mara mbili." Maneno hayo yashikeni, maana nitakuja kueleza nilivyoyasahau.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Mhunze. Kompyuta yake kila ikiwaka ilikuwa inaonyesha ile skrini mnayoijua, inasema inakagua diski, bonyeza kitufe chochote ukitaka kuruka. Mwalimu alikuwa anabonyeza kila siku kwa miezi. Mimi nikajiona msomi, nikasema ngoja nisibonyeze, ikague mpaka mwisho. Sikusikiliza diski kwanza. Ilikagua tangu asubuhi mpaka alasiri, na ilipomaliza ilikuwa imekata picha zake zote za wanafunzi, darasa baada ya darasa, kuwa vipande vyenye namba, kama mtu aliyechukua albamu akaipitisha kwenye mashine ya kusaga. Ile diski ilikuwa inakufa, na ukaguzi ulikuwa unatengeneza kwa kukata. Nilitakiwa kunakili kila kitu kwanza, ndipo niiache ikague.

Nilimwambia Fundi Athumani huku nalia. Nilitegemea anifukuze, au anifundishe la kumwambia mwalimu, kwamba umeme ulikatika au diski ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Alivaa kofia yake, akafunga kibanda, tukapanda gari mpaka Mhunze. Mlangoni kwa mwalimu alinisukuma mbele kidogo kwa kiwiko. "Sema," alisema. Nikasema. Mwalimu akamwita mkewe alete michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, tukala pamoja. Wakati wa kuondoka alisema angalau tumekuja. Kurudi Shinyanga Fundi Athumani hakulizungumzia tena, si siku hiyo wala miaka iliyofuata, na kwa hilo namshukuru mpaka leo kila ninapotaja jina lake katika sala zangu, ingawa yeye alikuwa anaswali upande mwingine.

Alikuwa ameshatangulia mbele ya haki tulipofungua duka la Katoro, na mimi nilikuwa nimeshakuwa Mama Neema, fundi mwenye jina. Ukanda wa dhahabu ni dunia nyingine kwa kompyuta. Vumbi la makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, linaingia mpaka kwenye feni na kugeuka simenti. Umeme unapanda na kushuka. Na ilikuwa ile miaka flashi zilipoanza kuuzwa kama karanga, kila mtu anayo shingoni, na kila kona kuna kibanda cha kujaziwa nyimbo: unatoa flashi, unachagua, unaondoka na muziki wako kwenda duarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Virusi navyo vilikuwa vinajaziwa bure. Kilichosumbua zaidi ni kile kilichokuwa kinaficha folda za mtu na kuweka mahali pake njia za mkato zenye jina lilelile. Unaibonyeza folda yako, haifunguki, na kumbe umekiamsha chenyewe. Watu wa duarani walisema kompyuta ina jini. Sikuwabishia sana, kwa sababu dalili zilikuwa zinafanana.

Sasa nifike kwa Baba Shija.

Alikuwa dereva wa malori kule Isaka mpaka mgongo ulipokataa, akaja Katoro akanunua karasha na kulifunga nyuma ya nyumba. Mtoto wake mkubwa, Shija, alirithi usukani na alikuwa anaonekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Shija alikuwa ameoa binti wa Samuye anaitwa Kabula. Kabula alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuanguka hesabu na Kiingereza, akawa anajiandaa kurudia mtihani, na mumewe akamnunulia kompyuta ikakaa sebuleni ili asomee hapo. Nilikuwa sijayajua hayo yote siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilimjua Baba Shija tu, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaongea.

"Fundi, hii mashine ina wazimu," alisema. "Kila asubuhi ukiiwasha inaanza kuhesabu."

Ilikuwa ni ukaguzi wa diski, na kila mtu pale nyumbani alikuwa anabonyeza kitufe kuuruka, kama mwalimu wa Mhunze. Safari hii nilikuwa nimekua. Nilitegesha bisibisi, nikasikia diski inapumua kwa uzito lakini haigongi. Nikachomeka flashi yangu ya kazi, nikanakili madaftari ya masomo na picha za harusi, ndipo nikaiacha ikague mpaka mwisho. Ilianza wakati wa chai, ikamaliza wakati wa ugali. Ilikuta makosa madogo, ikarekebisha. Nikaweka antivairasi kutoka kwenye flashi ileile, nikaaga, nikaondoka najiona. Kwa nini diski ilikuwa inapata makosa kila siku sikuuliza. Salamu zangu siku hiyo zilikuwa fupi, nilikuwa na wateja wanasubiri.

Haikupita wiki mbili nikaitwa tena. Ukaguzi umerudi, na sasa hata madaftari hayafunguki. Folda zote zilikuwa zimegeuka njia za mkato. Nilichomoa modemu, nikaiwasha kompyuta katika ile hali salama ambapo inaamsha vitu vichache tu, nikakitafuta kirusi mahali kinapojificha ili kiamke pamoja na kompyuta, nikakifuta pale na kwenye orodha ya kazi zinazojiendesha zenyewe, kisha nikazifichua folda kwa zana iliyo kwenye flashi yangu. Kwa maelezo ya kazi ilikuwa safi kabisa. Baba Shija akaniuliza kirusi kimetoka wapi. Nami, huku nafunga mkoba, nikatamka maneno ambayo ningelipa kuyarudisha.

"Kuna mtu humu ndani anachomeka flashi ya nje."

Nilikuwa nasema kama fundi. Sikufikiri nyumba ile ingesikia nini. Aliyekuwa anakaa kwenye kompyuta ni mmoja tu, mke wa mtu, mume yuko barabarani mwezi mzima, na flashi ya nje haiji yenyewe, lazima kuna wa nje anayeileta.

Mara ya tatu nilipoitwa, kirusi kilekile, Baba Shija hakunisalimia mpaka kwenye ng'ombe. Kompyuta ilikuwa imefungiwa kwenye kabati lenye kufuli. Nilifanya kazi yangu, nikatoa flashi yangu, nikachomeka, nikasafisha kama mara ya pili. Mama Shija aliniita jikoni nionje mboga, na huko akanieleza kwa sauti ya chini. Mkamwana amekatazwa kuingia sebuleni. Baba Shija amempigia simu baba yake Kabula, aje kutoka Samuye Jumamosi wakae. Mnajua kikao cha namna hiyo maana yake: binti anaweza kurudishwa kwao. Mtihani ulikuwa umebaki kama miezi miwili.

"Na yeye mwenyewe anasemaje?" niliuliza.

"Atasema nini, Mama Neema? Mkamwana ataongea mbele ya baba mkwe?"

Kweli hawezi. Kwao haiko hivyo, na kwetu wengi pia. Nilirudi sebuleni, chakula kikaletwa, na Kabula ndiye aliyekuja na jagi na beseni kuninawisha. Alipiga magoti. Baba Shija alikuwa ametoka kwenda kuangalia karasha. Nilikuwa nimefika nyumba ile mara tatu na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimtazama usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alimimina maji taratibu sana. "Mama, naomba nikuulize. Hiyo flashi unayochomeka, huwa inalala wapi?"

Nikiri: nilikasirika. Damu ilinipanda, mtoto wa juzi ananihoji mimi, niliyeshika tochi kabla hajazaliwa. "Hiyo ni zana ya kazi," nilimjibu, na sauti yangu haikuwa ya mama. Akasema ahsante, akachukua beseni lake, akaondoka kwa heshima yote. Nikala ugali ule haraka, nikaaga.

Swali lilinifuata mpaka dukani. Inalala wapi. Kompyuta yangu ya dukani nilikuwa nimemzima mlinzi wake, kwa sababu antivairasi zilikuwa na tabia ya kufuta zana zangu zikidhani ni wezi. Nikamwasha. Nikachomeka flashi. Hakuchukua hata dakika. Kilikuwa humo, kimejificha, kilekile cha kwa Baba Shija, na kwenye kompyuta yangu kilikuwa kimeshajenga. Kirusi kile kilikuwa kinashika folda tu, na flashi yangu na kompyuta ya dukani hazikuwa na folda hata moja, kila kitu kimemwagwa humo kama vyombo kwenye karai. Uzembe wangu ndio uliokificha.

Na kilitoka wapi? Hapa mcheke, mimi nimeshacheka vya kutosha. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua duka, nilikuwa napita kwenye kibanda cha nyimbo pale stendi nijaziwe nyimbo mpya za kwaya, kwenye flashi hiyohiyo ya kazi. Mimi, niliyekuwa nawakataza wateja vibanda hivyo kwa kidole kilichonyooka. Nilikuwa nazipenda nyimbo zile na sikuona kwaya inaweza kuleta uchafu. Mwezi ule nilikuwa nimesafisha kompyuta nyingi za Katoro na nilikuwa najisemea kwamba ni msimu wa virusi. Nilikuwa nausambaza msimu mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na watu wananishukuru mlangoni.

Nilikaa kwenye stuli yangu nikafikiri. Njia rahisi ilikuwepo. Ningeweza kwenda kusafisha kwa sidii, yaani CD, maana sidii ikishaandikwa haiingiliwi tena, ugonjwa ungeisha, na hakuna mtu katika Katoro nzima angejua. Lakini kuisha kwa ugonjwa baada ya Kabula kuondolewa sebuleni kungekuwa ushahidi. Wangesema, mnaona, tangu aache kuigusa imepona. Ningekuwa nimemfunga kwa mikono yangu miwili. Nikakumbuka kiwiko cha Fundi Athumani mgongoni mwangu kule Mhunze.

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwa Baba Shija, sijaalikwa. Baba yake Kabula alikuwa ameshafika, mzee mwembamba mwenye koti lililopigwa pasi, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa na uso wa mtu aliyesafiri kuja kuchukua aibu. Nikawasalimia wote, shikamoo kwa wote wawili, na safari hii nilisalimia mpaka kwenye mvua. Kisha nikaomba Kabula aitwe.

"Ya nini?" aliuliza Baba Shija.

"Nina neno, na linamhusu."

Akaingia, akakaa chini kwenye mkeka karibu na mama mkwe wake, macho chini.

"Kile kirusi nimekileta mimi," nilisema. "Hakuna mtu wa nje. Hakuna flashi ya mtu. Flashi ni hii hapa, ya kwangu, nimekuwa najaziwa nyimbo stendi na kuja kuichomeka kwenu. Kila mlipokuwa mnaniita nije kutibu, nilikuwa naambukiza. Huyu binti hajafanya lolote. Neno nililosema hapa siku ile lilikuwa la uongo, ingawa sikujua. Naombeni mnisamehe, na yeye kwanza."

Niliiweka flashi mezani. Baba yake Kabula alimtazama mwanaye, kisha akatazama fimbo yake.

"Kwa hiyo jini lilikuwa linakuja na fundi," alisema Baba Shija.

"Lilikuwa linakuja na fundi, baba."

"Na ule wazimu wa kuhesabu kila asubuhi? Nao ni wewe?"

Kabula akamnong'oneza Mama Shija, na Mama Shija akatoka, akarudi na daftari la shule. "Anasema umpe fundi," alisema. Nikalifungua. Kabula alikuwa ameambiwa tangu mwanzo kwamba mashine inaugua akiigusa, basi alikuwa ameandika kila alipoigusa na kila ilipougua. Siku zangu mbili za kwanza zilikuwemo, na chini ya kila moja, kirusi kesho yake. Alijua tangu mara ya pili. Angemwambia nani? Baba mkwe hasemeshwi, na mgeni mwenye umri wa mama yake hatuhumiwi. Kwa hiyo alisubiri mpaka apate jagi mkononi, akauliza swali moja la adabu.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa saa. "Imezimika yenyewe, saa tatu." "Imezimika yenyewe, saa tatu na dakika tano." Nikaomba kabati lifunguliwe na kompyuta iwashwe. Tukakaa, wazee wawili, mama, Kabula na mimi, tunaitazama. Ilipofika saa tatu vijana wa nyuma ya nyumba wakawasha karasha. Taa ya sebuleni ikafifia, kompyuta ikazimika.

Ilikuwa ni hivyo tu. Karasha likianza linanyonya umeme wa nyumba nzima kwa pumzi moja, kompyuta inaanguka katikati ya kazi, na ikiwaka tena inakagua diski kwa sababu inajua iliangushwa. Kisha mtu anabonyeza kitufe kuruka, kwa hiyo inaendelea kudai kila siku. Fundi Athumani angelijua hilo wakati wa salamu, kwa kuuliza tu umeme wa huku ukoje na anayekaa kwenye mashine ni nani. Mimi nilikuja mara tatu na zana za kisasa.

Baba Shija alinyanyuka. Nilidhani anatoka kwa hasira. Alichukua flashi yangu pale mezani kwa ncha za vidole, akaenda nayo nyuma, na sisi wote tukamfuata mpaka mlangoni. Akaitupia kwenye karasha. Ilitoka unga, na kwaya nzima ndani yake. Akapangusa mikono na kurudi, akamwambia mkewe, kwa sauti ya kutosha kusikika na Kabula aliyekuwa amesharudi mkekani, "Mwambie mkamwana ufunguo wa kabati akae nao yeye. Na mwambie kwamba fundi akija tena, amkague kwanza."

Baba yake Kabula ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Wabeja, mayu. Wabeja sana." Nimeshukuriwa mara nyingi katika kazi hii, mara nyingine kwa haki. Ile ya siku ile nilikuwa siistahili hata kidogo na ndiyo niliyoibeba mpaka leo.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilizunguka nyumba zote nilizokuwa nimezitibu mwezi ule, nikasema mlango kwa mlango, nikasafisha bure kwa sidii. Wawili walinifukuza, wengine walinipa chai. Kwa Baba Shija niliweka yupiesi, ile betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukianguka, na Kabula akawa anazima kompyuta kila siku robo saa kabla ya karasha kuwashwa. Ukaguzi ulipomaliza na kompyuta haikuangushwa tena, haukurudi. Mtihani alifaulu, hesabu kwa mbinde, Kiingereza vizuri.

Wiki moja baada ya matokeo alikuja dukani, akapiga magoti kunisalimia, nikamwambia ainuke, sakafu ina vumbi. Alikuwa ameleta ile kompyuta yake ya zamani kwenye toroli, kwa sababu Shija alikuwa amenunua nyingine na Baba Shija alisema hii apewe fundi. Tukaiweka karibu na mlango, bila intaneti, bila kuunganishwa na chochote, mlinzi wake macho muda wote. Kila flashi inayoingia dukani inaonjwa hapo kwanza, ya mteja au ya fundi. Ndiyo sababu tunaiita Mwonjaji, na ndiyo sababu haitupwi. Kabula aliniuliza kama kuna kazi. Nikampa tochi.

Nyinyi mnamjua kama Madam Kabula, fundi mkuu, na mnaogopa daftari lake. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Alisema niandike, ila nisiache ya karasha.

Sasa kuhusu Ijumaa. Nilipokuwa nakabidhi mkoba mliona nikitoa kitu kimoja kimoja: bisibisi ya mpini wa mbao, brashi iliyokatwa nusu, sidii, na mwisho flashi yangu ya kazi, niliyoinunua baada ya ile iliyosagwa. Kabula aliipokea kwa mikono miwili na kuinama kidogo. Kisha hakuitia mfukoni wala hakuichomeka kwenye kompyuta yake. Alitembea mpaka mlangoni, akaichomeka kwenye Mwonjaji, akasimama kusubiri. Niliwaona baadhi yenu mkiangalia chini kwa niaba yangu, mkidhani ameniaibisha mbele ya keki. Mimi nilimfuata nikasimama ubavuni mwake. Nilijua ni safi, nimeilinda miaka yote hii kama jicho. Lakini tulisubiri wote wawili kama inavyosubiriwa ya mteja yeyote, na nawaambieni ukweli, mpaka skrini ilipojibu kwamba ni safi moyo wangu ulikuwa unadunda.